Jeki Isiyodaiwa

Ahmednoor alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinitia homa. Alikuwa fundi wa pancha pale Modogashe, kwenye njia panda, mahali ambapo lori la kutoka Garissa huamua kama linakwenda Isiolo ama linapanda Wajir mpaka Elwak. Mimi nilikuwa na hoteli ya chai ubavuni mwake. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, na matatizo yake yote yalipita ukutani humo yakanifikia, nikitaka nisitake.

Mimi si mtu wa huku kwa asili. Nilizaliwa Witu, nikaolewa na dereva wa malori, akanileta huku, akafariki, Mungu amrehemu, nami nikabaki na masufuria yangu. Watu wa Modogashe waliniita Mama Mursal. Nikiwa siwasikii waliniita Redio, na nilikuwa nawasikia.

Sasa huyu Ahmednoor alikuwa mrefu, mwembamba, kikoi chake kimekolea grisi mpaka rangi ya kiwandani huijui tena. Mtu akiumia kidogo tu, "bole, bole" yake, maana pole ilimshinda ulimini, ilifika kabla mtu mwenyewe hajasikia maumivu. Hakuwahi kugombana na mtu. Hata nati ikikataa kufunguka aliibembeleza. Na alikuwa na rafiki mmoja wa damu, Wako, Mborana kutoka Bute, dereva wa lori la mbuzi na ng'ombe, mnene, mcheshi, anacheka kabla hajakwambia anachokichekea. Walizoeana tangu Wako akiwa utingo. Mmoja Msomali, mwingine Mborana, basi walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivunja upande wake.

Pwani kwetu tunasema kukopa harusi, kulipa matanga, na mdai wa kwetu hana haya hata chembe. Atakuja alfajiri asimame mlangoni, atoe salamu kwa sauti ya kuwaamsha majirani. Huku nilikuta kinyume. Huku rafiki akikuazima kitu, yeye ndiye anayekukimbia wewe. Akikuona unakuja, atazunguka nyuma ya msikiti usije ukadhani amesimama pale anakungoja. Kumwambia sahibu yako "nirudishie changu" ni kumwambia urafiki umeisha, tugawane vyombo. Mimi mambo hayo niliyaona upuuzi tangu siku ya kwanza, na sikuficha.

Mwaka wa tisini na saba zikaja zile mvua za El Nino. Nchi iliyokuwa ikiomba tone ikapewa bahari. Malori yalizama njiani kama makoko ya wali kwenye mchuzi, madereva wakalala juu ya magunia, na bei ya sukari ikapanda mpaka nikaona aibu kuitaja. Katikati ya hayo Wako akapita akielekea Elwak, jeki yake imevunjika, na mbele yake ni matope matupu. Hata hakumaliza kueleza. Ahmednoor aliingia ndani akatoka na jeki yake ya pekee, ile nyekundu ya tani ishirini, aliyoinunua Garissa baada ya kuuza ngamia aliyeachiwa na marehemu babake. Akaipakia mwenyewe kwenye lori, akaifuta vumbi, akamwambia safari njema.

Mvua zikakatika, njia zikakauka, Wako akarudi. Bila jeki. Akaketi kwangu na Ahmednoor, wakanywa chai, wakaulizana habari za wake, za watoto, za wakwe, za ngamia, za mvua, za bei ya mbuzi Garissa. Nilisimama nyuma yao na birika nikingoja habari ya jeki. Haikuja. Wako akaondoka, Ahmednoor akampungia mkono mpaka vumbi likatulia.

Nikamuuliza jeki i wapi. Akaniambia, "Wako anajua, abaayo." Abaayo ni dada kwa Kisomali, na yeye aliniita hivyo hasa alipotaka ninyamaze.

Fundi wa pancha asiye na jeki ni kinyozi asiye na wembe. Lakini Ahmednoor alipata njia yake. Lori likija na pancha, alipanga mawe na magogo chini ya ekseli mpaka ikaegemea, kisha akachimba ardhi chini ya tairi, akachimba, akachimba, hata tairi likaning'inia hewani, ndipo akalitoa. Akishaziba pancha alilirudisha, akafukia shimo, ama akasahau kulifukia kwa uchovu. Kazi iliyokuwa ya kikombe kimoja cha chai ikawa ya chai, chakula na usingizi. Kwangu biashara ilinawiri kwanza, sikatai. Lakini madereva wana haraka zao. Na kiwanja chake kikajaa mashimo marefu membamba. Siku moja mzee mmoja msafiri alishuka lorini, akayatazama mashimo yale na matuta ya yale yaliyofukiwa, akavua viatu, akainua mikono akawasomea marehemu Fatiha. Ahmednoor alisimama kando kwa adabu akaitikia amina, asimuaibishe mgeni.

Kisha akaja Bile. Kijana wa mjini Garissa, kofia kichwani, akafungua duka la pancha ng'ambo ya barabara, tena akiwa na jeki mbili mpya zinang'aa. Hakuwa mbaya, alitusalimia vizuri kila asubuhi. Lakini malori yakaanza kusimama upande wake. Ahmednoor akabaki na wale waliomhurumia na wale waliotaka kukopa. Mkewe, Abshiro, akaja kunieleza kwa sauti ya chini kwamba mambo yakiendelea hivi mpaka Ramadhani, watafunga duka waende malishoni kwa kaka yake. Ahmednoor akae kwa shemeji, ale kwa shemeji, achunge mbuzi wa shemeji! Mtu mzima aliyejenga jina lake kwa mikono yake. Na mbuzi wenyewe alikuwa hawawezi, walimzoea wakamdharau. Abshiro alilia, nami nikalia, na chai ikaungulia jikoni.

Nikaenda nikamkabili. Nikamwambia anunue jeki nyingine hata kwa mkopo. Akanitazama kama niliyemtukana mama yake. Akasema akinunua nyingine, Modogashe yote itajua amekata tamaa na Wako, na hiyo ni sawa na kumwita Wako mwizi. Nikamwambia basi amdai. Akasema, je, kama Wako ana shida ambayo hawezi kuisema? Mtaka cha mvunguni huinama, lakini huyu wetu hata kuinama aliona atamfedhehesha mwenye kitanda.

Ila njia ya heshima ipo, akaniambia, tena akashusha sauti kama anayefichua siri ya serikali. Rafiki aliyesahau humkumbushi kwa maneno. Unamwomba na wewe akuazime kitu. Akikupa, moyo wake utamwambia: kumbe na mimi nina cha mwenzangu.

Basi Wako alipopita tena, Ahmednoor akamwomba turubai la lori. Wako uso ukang'aa. Akalishusha mara moja, turubai zima, akaenda zake Garissa na mzigo uko wazi juani. Jeki hakuitaja. Safari iliyofuata Ahmednoor akamwomba karabai. Wako akaitoa na utambi wa akiba juu yake, huku akimshukuru. Akimshukuru! Safari ya tatu Ahmednoor akaona afike karibu zaidi na jambo lenyewe, akamwomba beleshi. Hesabu yake ilikuwa kwamba Wako atauliza, beleshi la nini? Yeye atajibu, la kuchimba chini ya tairi. Hapo hata jiwe lingekumbuka jeki. Lakini rafiki haulizwi kitu anakitakia nini. Wako akatoa beleshi, akacheka, akamkumbatia, akaondoka. Na beleshi lilikuwa zuri, kali, na mashimo yakazidi kuwa marefu.

Mimi nilikuwa nikiyatazama haya yote kutoka dirishani, na damu inanichemka. Nilidhani nimeelewa: Wako ni laghai mwenye meno mazuri. Ameikalia jeki ya watu, na kila akiombwa kikorokoro anatoa upesi ili aonekane mkarimu. Nikamchukia. Chai yake nikaanza kuitilia maji.

Ikafika siku moja ya joto, Ahmednoor na Wako wamekaa kiwanjani juu ya tairi kuukuu, na madereva wengine wamejaa kivulini kwangu. Ahmednoor asubuhi ile alikuwa amekosa kazi tatu. Nilizihesabu kwa macho zikivuka barabara kwenda kwa Bile. Nikabeba sinia ya chai kuwapelekea. Nilikuwa nimemkazia Wako macho ya chuki, sikutazama chini. Nikaenda ndani ya shimo mpaka kiunoni. Vikombe huko, birika huko, chai ya moto imenipitia begani, na sinia imebaki mkononi mwangu kama usukani.

Watu wakainuka kunitoa. Nikakataa. Nilitaka niseme nikiwa palepale, ushahidi umenizunguka. Nikamwita Wako kwa jina lake na la babake, nikasema kwa sauti ambayo Bile aliisikia ng'ambo:

"Jeki ya Ahmednoor iko wapi?"

Wako uso ulimwanguka, nilimwona akizeeka. Akafungua mdomo, akasema, "Mama Mursal, ile jeki..."

Ahmednoor alisimama. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona amekasirika, na hasira zenyewe zilikuwa kwangu.

"Jeki gani?" akasema. "Mimi sikumpa Wako jeki. Hajachukua kitu changu hata siku moja. Huyu mama jua limempiga."

Akawageukia madereva, mmoja mmoja, wamsikie. Kisha akanipa mkono akanitoa shimoni, kwa upole vilevile, akasema "bole, abaayo," akaenda zake msikitini na haikuwa saa ya swala.

Mimi ndiye niliyebaki mwongo wa Modogashe. Wiki nzima watu waliagiza chai bila kunitazama. Nilisema sawa, na nasema mpaka leo: bora nilisema. Lakini usiku ule nilipopanga vikombe vilivyobaki nilielewa alichofanya yule mjinga. Amelifuta deni mbele ya mashahidi. Jeki imekwenda, haki ya kuidai imekwenda, na Ramadhani inakuja. Abshiro alikuwa ameanza kufunga mizigo.

Turubai na karabai Ahmednoor alivirudisha haraka kupitia lori jingine, turubai limekunjwa vizuri na ndani yake fungu la sukari, maana kitu cha mtu hakirudi kitupu. Beleshi alibaki nalo. Angechimba kwa kucha?

Haukupita muda Wako akaja. Hakwenda kwa Ahmednoor. Aliingia kwangu kwa mlango wa jikoni, na mnene yule kwenye mlango ule ilikuwa kazi. Mkononi ana kitu kizito ndani ya gunia. Akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akanisimulia. Jeki ilizama. Mbele ya Wajir, njia ya Elwak, lori lilikwama, akaweka jeki juu ya jiwe, jiwe likashuka, jeki ikashuka nalo, na matope yakajifunga juu yake kama hapakuwa na kitu. Alipapasa mpaka mabegani. Akarudi mikono mitupu, na mikono mitupu haisemi. Akawa anadunduliza kidogo kidogo kwenye kila safari ili anunue nyingine.

Nikamuuliza, na vile vitu alivyokuwa akiombwa? Akashangaa. Alidhani Ahmednoor amekwisha kujua kila kitu kutoka kwa madereva wenzake, na kwamba kwa ustaarabu wake ameamua kujilipa polepole, turubai leo, karabai kesho, bila kumvunjia heshima. Kila akiombwa kitu alipumua. Alikuwa akingoja aombwe tairi la akiba.

Niliweka mwiko chini. Siku zote hizo mmoja alikuwa akikumbusha, mwingine akilipa, na wote wawili wakipongezana kwa adabu zao, huku duka linakufa. Nilitaka kuwagonganisha vichwa.

Akafunua gunia. Jeki mpya, buluu, bado imo kwenye karatasi yake ya mafuta. Ameinunua Garissa. Nikamwambia haya, ukuta ni huu hapa, mpelekee. Akatikisa kichwa.

"Nitamrudishiaje kitu alichosema hakuniazima? Nikimpa jeki leo, nimemfanya mwongo mbele ya watu wote wale."

Akakaa akafikiri, akanywa chai, safari hii nikampa isiyo na maji. Halafu akainuka na gunia lake, akaenda upande wa pili, nami nikatega sikio ukutani. Akamsalimu Ahmednoor kwa kirefu, akaingia kwenye shida zake: lori limejaa, Elwak wezi ni wengi, ana jeki yake mpya anaihofia. Akamwomba amwekee amana. Na amana ya rafiki haikataliwi. Ahmednoor akaipokea kwa mikono miwili.

Nikaruka jikoni peke yangu. Nikampigia Abshiro hodi nikamwambia afungue mizigo.

Asubuhi nikaamshwa na mlio wa beleshi. Nikachungulia. Ahmednoor yumo shimoni, anachimba chini ya tairi, jasho linamtiririka. Nikatoka mbio nikamuuliza jeki iko wapi.

"Chini ya kitanda," akasema. "Ni amana, abaayo. Amana haiguswi."

Nilikwenda moja kwa moja kwa maalimu wa chuo cha Kurani, nikamweleza, nikitaraji atanipa hukumu ya kumchapa nayo Ahmednoor. Maalimu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema Ahmednoor yuko sawa. Kilichowekwa amana hakitumiwi ila kwa idhini ya mwenyewe. Nikarudi na hasira zangu zilezile, sasa zina dalili ya dini dhidi yangu. Na kumwomba Wako idhini? Ahmednoor angekubali kuzikwa kwenye moja ya mashimo yake kwanza. Abshiro akarudia kufunga mizigo. Kufuli la duka lilikwisha nunuliwa.

Wako alipopita tena, ilikuwa karibu mno na Ramadhani. Wote walinitazama nitasema nini, hata Bile alitoka nje. Nikaufunga mdomo wangu, na anayenijua anajua nilivyoumwa. Nilichofanya ni kumtoa Wako kwenye kiti chake cha siku zote, kile kinachotazama barabara, nikamketisha kwenye kile kinachotazama kiwanja. Nikamwekea chai, nikaenda kusimama jikoni na kitambaa mdomoni.

Akamwona. Ahmednoor alikuwa amelala kifudifudi, mkono shimoni, anatoa mchanga kwa viganja, magogo yanalia chini ya ekseli. Wako aliacha kikombe. Akaelewa kwamba jeki yake haijaguswa. Kisha akainuka akatembea taratibu kati ya mashimo, akachuchumaa kando ya rafiki yake.

Akamwambia amekuja na ombi kubwa, na kama ni zito amwambie. Ile jeki yake imemnyima usingizi njia nzima. Kitu cha chuma kikilala, mafuta yake huganda, kinaugua kama mnyama aliyefungwa zizini. Anaogopa amemtupia sahibu yake mgonjwa. Kwa hivyo anamwomba, kwa urafiki wao, aifanyishe kazi.

Ahmednoor akakaa kitako mchangani. Akauliza, "Kila siku?"

"Kila gari litakalosimama."

"Na ada itakayopatikana nikuwekee wapi?"

Wako akacheka, kicheko chake cha zamani. Akamuuliza tangu lini mtu aliyeachiwa ngamia wa maziwa amlishe akamnywesha, halafu maziwa ampelekee mwenye ngamia. Anayemchunga ndiye anayemkama.

Ahmednoor alifikiri. Namjua, alikuwa anatafuta kama kuna mahali anaweza kuwa anamdhulumu mwenzake. Hakupaona. Lakini alikuwa na swali moja bado, akaliuliza akitazama chini.

"Mpaka lini, Wako?"

Wako akaweka mkono begani mwake. "Mpaka siku nitakayokuja kukudai."

Nililia palepale jikoni, kwa sauti, wateja wananisikia. Ahmednoor alijipangusa macho kwa mkono wenye grisi, akajipaka weusi uso mzima, kisha akaingia ndani kuitoa jeki, maana lori la ng'ombe lilikuwa limekwisha kusimama upande wetu na dereva ameanza kupiga honi.